Kidole na Shamba la Nyasi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso wala kusema na mtu, alitoka nje, akachuchumaa, akachomeka kidole cha shahada ardhini mpaka kiungo cha pili. Alikaa hivyo kidogo kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akakitoa na kukitazama. Udongo ukiganda kidoleni, kuna unyevu. Kidole kikitoka kisafi, kuna kazi. Alifanya hivyo nyumbani kwao, nyuma ya nyumba za wageni, kwenye mabweni ya shule alikolazwa akiwa safarini, hata kwenye chungu cha maua mlangoni pa ofisi, ambapo mfagizi alimkuta siku ya kwanza akamuuliza kama amepoteza pete.

Ndiyo maana watu walimwita Kidole, na yeye akaitika.

Mambo ya kidole alifundishwa na shangazi yake aliyemlea. Shangazi aliuza mboga za majani, na mboga zenyewe alizilima nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi kinachotosha vitanda viwili. Kidole alipokuwa mdogo, akitumwa kuangalia kama mboga zinataka maji, alikuwa anachungulia dirishani na kurudi na jibu. Shangazi alimkata jicho. "Shamba umeligusa?" Akisema hapana, alirudishwa. Ikawa tabia.

Alipofika miaka ishirini na mbili, vijana wakulima walimchagua kuwa afisa wa uongozi wa Umoja wao. Kazi yenyewe ilikuwa ya njiani. Umoja ulikuwa na vikundi arobaini na kimoja, kila kimoja na kiwanja chake kilichotolewa na Umoja, na afisa alitakiwa avizungukie vyote kwa mwaka. Akifika anawafundisha kuendesha kikao, kumchagua kiongozi wao wenyewe, kusimama mbele za watu bila kutetemeka, na kugawana zamu za jembe bila kutoana macho. Mwisho anajaza fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: kikundi ni hai, au kimekufa. Kikundi kikifa, kiwanja kinarudi kwa Umoja. Lakini hakirudi hivi hivi. Lazima saini mbili, ya Mratibu wa ofisi na ya afisa wa njiani.

Walimpa na koti la kijani lenye beji ya njano mfukoni. Lilishonwa kwa kipimo cha maafisa waliomtangulia, wote wanaume wenye mabega, na Kidole akilivaa alionekana kama ametundikwa yeye kwenye koti. Hakujali. Shangazi alimpiga picha nalo, akaitia kwenye fremu, akaiweka ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona.

Walisafiri kwa pikapu ya Umoja, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye maneno mengi, na njia nzima alimsimulia habari za maafisa waliopita. Mmoja, alisema, aliacha kazi katikati ya mwaka akaenda kuoa.

"Na fomu zake?" Kidole aliuliza.

"Zilikaa kwenye trei mpaka uchaguzi wa afisa mwingine. Nani mwingine asaini? Panya walizaa humo, wakalea, wakaozesha."

Kidole alicheka, wala hakujua kwamba neno hilo limemkaa kichwani.

Mwezi wa saba wa kazi yake, Mratibu alimwita ofisini. Mratibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na mikono isiyoshika kitu. Alimsukumia fomu mezani, imeshajazwa. Kisanduku cha "hai" kilikuwa kimekatwa kwa mistari miwili ya wino. Kwenye "kimekufa" pametiwa alama, na pembeni pameandikwa neno moja: pori.

"Hicho kikundi cha pale kwenye kona ya barabara," Mratibu alisema. "Saini hapo chini."

"Sijafika huko bado, mzee."

"Mimi nimefika. Nimeliona kwa macho yangu. Nyasi tupu, mwanzo mpaka mwisho."

"Ulishuka garini?"

Mratibu alimtazama kama mtu aliyeulizwa anavaa nguo gani za ndani. "Pori nalo mpaka lishukiwe? Kamati ya wazee nimeshaiambia, binti. Wameshaandika."

"Basi nikifika nitasaini," Kidole alisema, akaikunja fomu na kuitia mfukoni mwa sketi.

Walifika kesho yake saa nne. Shamba lilikuwa kweli kwenye kona, upande wa pili wa barabara kuna vibanda vitatu, na mbele ya kibanda kimoja kuna cherehani. Dereva alizima gari, akatazama, akaguna. Nyasi kavu, rangi ya mkeka wa zamani, mpaka mwisho wa macho. Kidole naye moyo ulimwanguka. Alikuwa amekuja na ubishi wake wote, na ubishi ukakosa mahali pa kukaa.

"Leo Mratibu hakutia chumvi," Dereva alisema. "Saini, tugeuze, bado mapema."

Kidole alifungua kamba ya mlango, akashuka. Alisimama ukingoni. Halafu akaona kitu: nyasi zote zimelala upande mmoja. Nyasi zilizoota zenyewe hazilali hivyo, kila moja ina kichwa chake. Akavuta shungi moja. Likaja bila mzizi. Akachuchumaa, akapenua nyasi, akachomeka kidole mpaka kiungo cha pili, na ardhi ilikuwa baridi. Kidole kilitoka cheusi. Kwa wiki tano hapakuwa na mvua, njia nzima wamekula vumbi, na hapa udongo umemng'ang'ania kama ugali wa jana.

"Unamtafuta nani huko chini, dada? Hatujazika mtu."

Alikuwa mwanamke wa umri wake, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, sindano mbili kifuani kwenye blauzi. Ndiye fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, na ndiye mwenyekiti wa kikundi, amechaguliwa na wenzake kumi na mmoja.

"Hizi nyasi mmezitandaza nyinyi?"

"Sasa zije zenyewe na miguu? Ni matandazo haya. Hapa hatuna bomba. Mvua ya mwisho ilipokatika tulizibeba kutoka bondeni, siku kumi na moja, vichwani, ili unyevu usitukimbie." Fundi akainama, akazipenua kwa mikono miwili, taratibu, kama anamfunua mtoto aliyelala. Chini kulikuwa na mche wa maharage, majani manne, kijani kibichi. Akafunua mbele kidogo. Mwingine. Mistari mizima ilikuwa humo, imejificha. "Mbegu kila mtu katoa jikoni kwake. Tukikosa hapa, hatuna nyingine."

"Kuna gari lilikuja?"

"Lilikuja. Wiki tatu zilizopita. Lilisimama pale, kioo kikashuka, kioo kikapanda, likaondoka. Sisi tulipunga mikono. Tulidhani ni watu wamepotea njia."

Dereva alijikohoza na kutazama matairi yake, maana siku hiyo pia ni yeye aliyeendesha.

Fundi hakuweza kuvumilia zaidi. "Samahani, dada, vua hilo koti. Linanikera tangu uliposhuka. Mimi nashona, siwezi kukaa na kitu kama hicho mbele yangu."

Ikawa wameketi kibandani, fundi akipunguza mabega ya koti la Umoja, na Kidole akimweleza habari ya fomu. Hakumficha. Alimsomea hata lile neno la pembeni. Cherehani ilisimama.

"Pori," Fundi alisema.

"Ndivyo alivyoandika."

"Mwambie aje nimtwishe hizo nyasi kichwani azibebe siku moja tu. Siku kumi nitabaki namdai." Alikanyaga tena cherehani, lakini uzi ulimkatikia mara mbili, na yeye hakuwa mtu wa kukatikiwa uzi.

"Maharage yanataka muda gani mpaka mvune?"

"Wiki tisa. Wakiacha tupumue wiki tisa."

Alimvalisha koti, akamgeuza, akamvuta mkono mmoja, akaridhika. Kwa mara ya kwanza koti lilimkaa. Kabla ya kuondoka Kidole alichota bonge la udongo na nyasi zake juu, akalifunga kwenye kipande cha kitambaa alichopewa na fundi.

Jioni hiyo alifikia nyumbani. Shangazi alikuwa anachambua mchicha, na picha ukutani inawatazama wote wawili. Kidole alimsimulia, kisha akasema anaogopa watamwondoa.

"Majirani wote nimeshawaonyesha hiyo picha," Shangazi alisema. Akachambua kidogo. "Hilo shamba. Umeligusa?"

"Nimeligusa."

"Basi mimi unaniuliza nini, mwanangu?"

Asubuhi aliingia ofisini kwa Mratibu, akamsalimu, akaitikiwa, akafungua kitambaa juu ya meza. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Uliacha doa kwenye karatasi fulani. Akaeleza kila kitu, tangu siku kumi na moja za kubeba nyasi mpaka mche wa majani manne.

"Weka kidole hapo, mzee. Usinisikilize mimi."

Mratibu hakuweka. Ila alitazama, alitazama muda mrefu, na Kidole aliona kabisa kwamba ameelewa. Alielewa tangu neno nyasi. Akanyanyuka, akaenda kufunga mlango.

"Sasa unataka nirudi kwenye kamati niwaambie sikushuka garini?"

"Ndiyo."

"Mbele ya wale wazee wote?"

"Wote."

Mratibu akakaa, akashika kalamu, akaanza kusema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. Kuna njia, alisema. Wataandika kwamba lilikuwa pori, kisha ofisi ikalifufua. Kiwanja kitabaki. Maharage yatabaki. Kila mtu atapona.

"Na Fundi?"

"Nani?"

"Mwenyekiti wao."

"Ah. Kikundi kilichofufuliwa huwekewa mwenyekiti na ofisi. Ni taratibu, si mimi. Tutawapelekea mtu mwenye uzoefu."

Kidole alikumbuka vikao vyote alivyoendesha mwaka huo, chini ya mapaa ya bati na kwenye madarasa yenye madawati matatu. Kote aliwaambia vijana jambo lilelile: kiongozi mnamchagua nyinyi, na mkimchagua ni wenu. Aliyasema hayo akiwa na koti hili.

"Halikufa," alisema. "Kwa hiyo halijafufuka."

"Binti, fomu ina visanduku viwili."

"Tia alama kwenye hai."

"Hai nimeshakikata kwa wino."

"Chukua fomu mpya."

"Fomu mpya ina namba, na namba inaulizwa." Mratibu aligonga meza kwa kalamu. "Nisikilize. Saini kimekufa, au saini kimekufa na pembeni niandike kimefufuliwa na ofisi. Kalamu hii hapa. Hutaki yote mawili, nitatafuta afisa anayetaka."

Kwenye kona ya meza ilikuwapo ile trei ya fomu, ya mbao, pembe moja imetafunwa. Kidole aliitazama pembe ile. Maneno ya Dereva yakamrudia, na panya wake, na ndoa zao. Nani mwingine asaini?

Akavua koti. Hakulitupa; alilikunja vizuri, bega juu ya bega, akaliweka kitini alipokuwa ameketi. Akatoa fomu mfukoni mwa sketi, akainyoosha kwa kiganja, akailaza kwenye trei juu ya nyingine zote. Chini, palipo na mstari wa saini yake, palikuwa peupe.

"Unafanya nini?"

"Nimeacha kazi, mzee."

Mratibu alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamkwama. Aliitazama fomu, akaitazama kalenda ukutani. "Hii haiwezi kutembea bila saini yako. Uchaguzi ni baada ya miezi mitano."

"Najua. Maharage yanataka wiki tisa."

"Kaa chini."

"Afisa mwingine akija atakuta maharage yamevunwa, na Fundi yuko palepale. Mwambie ashuke garini."

"Kaa chini, tuongee kama watu wazima. Ukitoka hapo mlangoni hurudi tena. Unajua wangapi wanalitaka hilo koti?"

"Watafute litakaowatosha. Mabega yamepunguzwa."

Akafungua mlango. Nje, karibu na chungu cha maua, mfagizi alikuwa ameegemea ufagio wake na hakujisumbua kujifanya hakusikia. Kidole alichuchumaa, akachomeka kidole kwenye chungu. Kilitoka kisafi.

"Hili ua lina kiu, mama," alimwambia mfagizi, akapangusa mkono kwenye sketi.

Uani Dereva alikuwa ameshafungua kamba ya mlango. "Leo tunaelekea wapi, Afisa?"

"Mimi si afisa. Wewe subiri huyo anayekuja."

"Basi nikufikishe nyumbani."

"Natembea."

Alipita geti, akashika barabara, mikono wazi mpaka mabegani, hana haraka. Mratibu aliliacha koti pale kitini siku nzima, akijua mtu hawezi kuliacha koti kama lile, atalirudia. Saa ya kufunga ilifika. Kitambaa chenye udongo kilikuwa bado mezani, na alipotaka kukiondoa alichungulia kwanza mlangoni kama kuna mtu, ndipo akachomeka kidole.

Kidole mwenyewe hakurudi, si siku hiyo wala nyingine.