Mama Akila Chungu cha Baba Mdogo, Atatibiwa

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu anayelala kitanda cha jirani bwenini: namtakia mama yangu mzazi ndoa asiyoitaka. Nikipiga magoti kanisani wenzangu hudhani naombea mtihani. Naomba mama ashindwe, akubali. Mhariri, lifiche jina langu na la kijiji, maana huku Mbozi tunajuana.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma shule ya kati ya misheni. Nina aibu sana. Nikiulizwa swali darasani hujibu nikitazama dawati, na raha yangu ni vitabu. Marehemu baba alikuwa mchimbaji kwenye migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini. Tulipokuwa naye huko tulitibiwa bila kulipa, kwa sababu kampuni iliwatibu wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Baba alipofariki tulivuka mpaka pale Tunduma na mizigo yetu kichwani, na matibabu yakabaki upande wa pili.

Sasa mama ana kidonda mguuni. Kilianza kama mkwaruzo wa jembe, leo kimekula nyama na kinanuka. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati ya serikali, ambako dawa huisha kabla foleni haijaisha, alisema mama akalazwe hospitali ya misheni, ambako hulipwa fedha tusizo nazo, la sivyo mguu utakatwa. Mama anatulisha kwa kulima. Asiposimama shambani hatuli, na mimi sisomi.

Huku kwetu kipo chama cha wakulima wa kahawa. Kila mwanachama huacha sehemu ya kahawa yake kwenye mfuko, na akiugua mfuko humlipia hospitali. Zamani ulimtibu mkulima peke yake. Wake zao walilalamika pamoja na mama zetu wasio na kahawa, wakaenda kuimba nje ya ghala la chama mpaka wanaume wakachoka. Msimu huu wakakubali: atatibiwa pia kila anayekula chungu kimoja na mwanachama.

Mwalimu wetu alifurahi mno. "Mlango umefunguka nusu," alituambia. "Mwakani wataingia vibarua, kisha wajane, na mwisho serikali itaona aibu, itamtibu kila mtu bila kumwuliza kama ana kahawa."

Niliyaamini maneno hayo. Jumamosi nikakimbia nyumbani kumsimulia mama. Nilimkuta akifukuza nzi kwenye kitambaa cha mguu.

"Wale wake za wanachama," akauliza, "umewasikia wakiimba tena?"

"Hapana, mama."

"Basi haukufunguka nusu, mwanangu. Wamewaingiza waliokuwa wakipiga kelele zaidi, wakaufunga."

Baba mdogo, ndugu yake baba, ni mwanachama. Nikaiona njia: mama ale kwake. Lakini kwetu mjane akila chungu cha shemeji yake mbele ya watu, amekubali kurithiwa, yaani kuwa mke wake. Baba mdogo analijua hilo vizuri. Alikuja akaegemeza baiskeli yake ukutani, akacheka.

"Shemeji, njoo ule. Mguu mmoja utapata dawa, wa pili utapata nyumba."

"Na roho yangu je, shemeji?"

"Roho haina kidonda."

Mama ni Mkristo. Baba mdogo ana mke tayari, na mama akiwa mke wa pili atatengwa, hatashiriki meza ya Bwana. Baba mdogo alipoondoka mama aliniambia, "Heri nichechemee kanisani kuliko kukaa nje na miguu miwili mizima." Nilitaka kumpigia kelele ale tu, ale.

Nilikwenda kwa karani wa chama kuomba mama atibiwe kama mjane. "Subirini, binti," alisema. "Tumeanza, tutafika." Nikauliza lini, nikitazama viatu vyake. Akasema mambo mema hayana haraka, akarudi kupima kahawa.

Pengine mwalimu amesema kweli, na mama naye amesema kweli. Pengine watoto wangu wataugua wakatibiwa bila kuulizwa wanakula chungu cha nani. Lakini mama yangu ni huyu mmoja, na harufu ya mguu wake naisikia hata nikiwa darasani. Wasomaji, nimbembeleze ale, mguu upone na moyo wake ufe? Au nitii neno lake, nimtazame akikatwa mguu? Yeyote aliyepata kumuuguza mzazi wake anijibu.

Najua majibu yenu yatachelewa, kwa hiyo nimefanya hivi. Jana nilipita kwa wale wanawake waliokuwa wakiimba, nyumba kwa nyumba, nikawaomba tuongozane hadi kwa chifu, tumwombe aidai serikali iwalaze hospitalini wagonjwa wote, wenye kahawa na wasio nayo. Sijawahi kusema maneno mengi kiasi hicho. Mmoja alisema mumewe atakasirika. Mwingine alinipa viazi, akaniambia atatuombea. Mwisho nikafika kwa mke wa baba mdogo. Alinisikiliza akichambua maharage, kisha akasimama akajifunga kanga.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini usidhani ni huruma tu, mwanangu. Sitaki mwenzangu jikoni mwangu."

Asubuhi ya leo tumechukua baiskeli ya baba mdogo bila kumwuliza. Tulimpakia mama nyuma, mimi nikashika usukani, mama mdogo akasukuma. Barua hii naimalizia hapa nje ya baraza. Tumeambiwa chifu anasikiliza kwanza kesi za mipaka ya mashamba. Mama ameunyoosha mguu juani, mama mdogo anafukuza nzi. Bado hatujaitwa.