Uji wa Wodi ya Wanawake

Kabla ya rovu nilikuwa na sauti. Nasema hivyo bila aibu, maana wote waliosali nasi kanisani kwetu Kasingirima wanajua. Niliimba sauti ya kwanza na mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Kwaya za mitaa mingine zikija kwenye tamasha, watu walikuwa wanauliza kwanza kama nipo. Siku za kazi nilikuwa ufukweni Katonga, naanika dagaa na wanawake wenzangu, na hata kule jua likishakuwa kali walikuwa wananiambia, "Dada, hebu anzisha." Nami naanzisha, mikono ikiendelea kutandaza dagaa.

Rovu lilianza kama kivimbe kidogo tu shingoni. Likakaa miaka, likakua, mpaka kumeza tonge la ugali wa muhogo ikawa kazi na kulala chali nikawa siwezi. Daktari aliyeniona hospitalini alinieleza mambo waziwazi, na hilo namshukuru hadi leo.

"Mama, lazima tulitoe," alisema. "Lakini mshipa unaoendesha sauti unapita hapohapo. Tutajitahidi sana, ila sitaki nikufiche."

Nikamwambia alitoe. Nilitaka kupumua.

Nilipozinduka baada ya upasuaji nilijaribu kuomba maji, kikatoka kipumzi tu. Nesi akasema nisubiri, koo limevimba. Nikasubiri. Kidonda kikapona, kovu likakauka, sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, na ndio huu ninaozungumza nao mpaka sasa. Mume wangu, ambaye ni seremala na amezoea kupigia watu kelele juu ya mashine yake ya kupasulia mbao, akaanza naye kuninong'oneza. Ikawa tumekaa sebuleni tunanong'onezana kama wezi. Siku moja nikamwambia, "Wewe sauti yako ni nzima, itumie." Tulicheka, lakini yeye alipotoka nililia.

Kanisani hali ilikuwa ngumu zaidi. Nilikaa benchi la nyuma, nikawa nafungua mdomo wakati wenzangu wanaimba, ili nisionekane. Kuna mama mmoja mgeni aliniambia kwamba ningekuwa na imani ya kutosha, sauti ingesharudi. Mwingine alisema labda Mungu ameichukua kwa sababu watu walikuwa wananisifu mno. Hao walinikalisha siku nzima nyuma ya jiko langu, nimejifunika kitenge usoni.

Nilimwendea mchungaji wetu. Ni mzee mtu wa Kasulu, aliyekwisha kuzika watoto wake wawili kwa mikono yake. Nilimsogelea sikioni nikamuuliza, "Baba Mchungaji, kwa nini mimi?"

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ningejua ningekwambia. Ninachojua ni kwamba Yesu naye aliuliza kwa nini, pale msalabani, na hakujibiwa palepale."

Nilitegemea aniombee na kuniaga. Badala yake akasema, "Kesho asubuhi naenda wodi ya wanawake. Kuna mama amekatwa mguu, ametoka Kagunga, hana mtu hapa mjini. Amekataa kula. Pika uji, twende wote."

Nilikasirika kidogo, lazima niseme. Mimi nina msiba wangu, ananituma kupika. Lakini kwetu mchungaji hakataliwi, na usiku ule nilisaga karanga.

Asubuhi tulimkuta amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani. Mguu wake ulikuwa umebanwa kati ya boti na jiwe wakati wa kushuka, jeraha likaoza, na madaktari wakaukata chini ya goti ili wamwokoe. Ndugu zake waliomleta kwa boti walikuwa wamesharudi Kagunga, kwa watoto na nyavu. Mchungaji akamsalimia, akamwombea, akamsemesha kwa sauti yake nzito. Yule mama hakugeuka. Mchungaji akanipisha, akaenda vitanda vingine.

Nikainama. "Mwakeye," nikamsalimu, kwa Kiha chetu.

Akasema akiwa bado ameutazama ukuta, "Mbona unaninong'oneza? Mimi ni maiti?"

"Hapana, mama. Hii ndiyo sauti yangu yote. Ile nyingine niliiacha humuhumu, chumba cha upasuaji."

Hapo akageuka. Akalitazama kovu la shingoni kwangu, akanitazama usoni.

"Na mguu wangu nao umebaki humo," akasema.

Sijui nani alianza. Nafikiri ni yeye. Alicheka kicheko cha ghafla, mimi nami nikacheka, na mimi nikicheka hakitoki kitu, mabega tu yanatikisika, na kuniona hivyo kukamzidishia yeye. Nesi alikuja mbio akidhani mgonjwa amezidiwa. Tulipotulia nikammiminia uji. Akanywa kikombe, akaomba kingine.

"Kesho utakuja?" aliniuliza.

"Ego," nikamjibu. Nitakuja.

Nikaja kesho yake, na siku iliyofuata, na nyingine. Tatizo ni kwamba katika wodi huwezi kumpa uji mmoja wakati wanane wanakutazama. Walikuwa wengine wa mbali vilevile, wa vijiji vya mwambao na wa bara, ambao ndugu zao walishindwa kukaa mjini. Chupa yangu ya chai haikutosha. Nikahamia kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo nayo ikawa nzito kwangu peke yangu.

Jirani yangu aliniona naihangaikia ndoo mlangoni. Yeye ni Mwislamu, mtu wa Ujiji kwa vizazi vingi, anauza maandazi. Aliuliza ninapeleka wapi, nikamweleza. Kesho yake kabla sijawasha moto alikuwa uani kwangu na kifuko cha sukari na mwiko wake mwenyewe. Ramadhani ilipofika nilimwambia apumzike, amefunga. Akanikatalia. Alikoroga uji mpaka ukaiva, halafu akanisukumia mwiko. "Onja wewe, mimi nimefunga. Ukiniambia umekolea nami nitaamini." Nilionja nikiwa na haya, yeye amesimama ananisubiri, midomo imemkauka.

Wanawake wa kanisani nao waliingia mmoja mmoja. Mmoja analeta mkaa, mwingine maziwa akipata, mwingine anakuja kuosha vikombe tu. Haikuwa rahisi siku zote. Kuna siku uji uliungua, tukaupeleka hivyohivyo na wagonjwa wakatusema. Kuna nesi mkuu alitusimamisha mlangoni akauliza nani ametupa ruhusa ya kuingiza ndoo. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimweleza, naye akalazimika kuinamisha kichwa ili anisikie. Baadaye akatutafutia meza pembeni ya mlango, na akawa anatuambia yeye mwenyewe, "Wa kitanda cha dirishani hana mtu, mwanzeni yeye."

Polepole niligundua jambo. Mtu mwenye maumivu hapendi kelele. Mimi nikizungumza, anasogea, na akishasogea anasema lililomo moyoni. Binti mmoja aliyepoteza mtoto wake wa kwanza hakuwa amesema neno tangu azae. Alinishika kiganja akanisimulia yote, tena hata mimi sikumuuliza. Nilikaa naye mpaka akalala. Sikuwa na la kumfundisha. Nilikaa tu.

Watu huniambia sasa, "Unaona, Mungu alichukua sauti yako ili akupe kazi hii." Wanasema kwa upendo, lakini mimi sisemi hivyo. Sauti yangu naitaka mpaka leo. Kwaya ikianza ninauma mdomo. Ninachosema ni kwamba yule mama wa Kagunga hakumgeukia aliyekuja na miguu miwili na sauti nzima. Alinigeukia mimi, kwa sababu na mimi nilikuwa nimepungukiwa. Maumivu yangu sikuyaomba, na wala sikuyapenda, lakini hayakukaa bure. Mkristo akiniuliza maana ya mateso yake, sina jibu kubwa zaidi ya hilo, na huwa namkaribisha tukapike naye.

Yule mama alijifunza kutembea kwa magongo akiwa wodini, akirukaruka kati ya vitanda na kuwapa wenzake vikombe. Aliporuhusiwa, nilimsindikiza Kibirizi, wanakopandia boti za kaskazini. Vijana wa boti walitaka kumbeba, akawafukuza kwa gongo. "Shika mzigo wangu, mwili nitaushika mwenyewe." Akapanda. Kwa muda mrefu nikawa napata salamu zake kwa wasafiri, pamoja na dagaa waliokaushwa vizuri kuliko wa kwangu.

Halafu msimu wa mvua uliopita nilipigiwa simu niende Kibirizi. Nilipofika, boti ilikuwa imeshatia nanga, mawimbi yanaipiga, na yule mama ndiye alikuwa wa kwanza kushuka, magongo yake kampa mtu amshikie, kakaa kwenye ukingo wa boti anajisukuma kuelekea majini. Nyuma yake aliteremshwa binti mjamzito, uso umemvimba, miguu imemvimba.

"Huyu mumewe yuko ng'ambo ya ziwa, mama yake amekufa," aliniambia kabla hata ya salamu. "Zahanati wamesema aletwe huku. Nikasema siwezi kumwacha aje peke yake, najua kukaa kule bila mtu kukoje."

Nikamuuliza kama ni mara yake ya kwanza kumsindikiza mgonjwa.

"Huyu ni wa ngapi sijui. Kanisani kwetu wamenipa kazi hiyo. Mgonjwa akiletwa mjini bila ndugu, mimi ndiye ndugu. Ukiona wapo wanaofika bila mimi, ujue nilikuwa na mwingine."

Nilisimama kwenye maji mpaka magotini, kitenge kimelowa, nikampa yule binti bega langu aegemee.

Tulimpeleka binti yule wodini. Alifanyiwa upasuaji siku ileile, akapata mtoto wa kike, wote wazima. Yule mama alikaa kwangu Kasingirima mpaka binti na mtoto waliporuhusiwa. Kila alfajiri walikuwa uani, yeye na jirani yangu, wanabishana kuhusu sukari: mmoja anasema uji wa mgonjwa uwe mtamu, mwingine anasema si chai ya harusi. Mchana nilimtembeza sokoni Ujiji. Watu walimtazama mguu, walinitazama shingo. Nilitembea kifua mbele. Muuza mawese mmoja aliniuliza, "Huyu mgeni wako ni nani?"

Nikamwita asogee ili anisikie vizuri, nikamwambia, "Huyu ni mwenzangu wa kazi."