Sanda Ukutani kwa Bakhita

Bakhita ni jirani yangu hapa Sib, Omani, miaka ishirini ukuta kwa ukuta. Alikuwa mpika chai wa ofisi moja kule Maskati. Siku ya kustaafu aliomba picha iliyokuwa ikitupwa, kubwa kama mlango. Nakala tu, ya mchoro wa Kizungu wa zaidi ya miaka mia: watu wamesongamana ukingoni mwa maji, wamejitanda mashuka meupe, wanamnyooshea mikono mwenye mashua.

Mimi mdomo wangu hauna pazia. Nikamwambia, "Shoga, umetundika sanda sebuleni."

Akanionyesha mwanamke mmoja pembeni, kiganja mdomoni. "Huyu mama yangu."

Hajarukwa na akili. Alitolewa Unguja mwaka wa sitini na nne, ana miaka minne, kabebwa na shangazi yake. Mama akabaki gatini. Picha ya mama hana hata moja. Mume kafa, mtoto hakujaaliwa. Kamkuta mama kwenye taka za ofisi, ulitaka afanyeje?

Ruba, binti wa marehemu kaka yake, kasoma. Ndiye aliyemweleza kuwa ile ni hadithi ya Wagiriki wa kale: wale ni wafu, wanalilia kuvushwa mto. Na penye picha ya wafu, akasema, yeye haleti watoto wake. Watoto hao ndio wageni pekee wa Bakhita, kila Ijumaa baada ya sala.

Bakhita aliuliza moja tu. "Mwenye mashua hurudi kuwachukua?"

"Hurudi, shangazi. Lakini ni uongo wa kale."

Basi kila Ijumaa asubuhi akawa anaigeuza picha, uso ukutani, anapika pilau la watu sita. Ijumaa mbili walikuja. Ya tatu Ruba akatuma ujumbe kwamba wamealikwa kwa mawifi. Ya nne hakutuma kitu. Harufu ya pilau ilinijia hadi kwangu, na mlangoni hakuna gari.

Ya tano nikaingia kumtazama. Picha kairudisha uso mbele, wale watu wote wanatukabili na mikono yao. Bakhita kakaa mkekani mbele yake, sahani mbili. Nikadhani moja yangu, nikaivuta.

"Hiyo ina mwenyewe," akasema. "Yako kachukue jikoni."

Nikenda. Sufuria aliyopikia siku hiyo ilikuwa ile ndogo.