Siku Niliyomtoa Shemeji Uwanjani

Nilipofaulu kozi ya urefa kule Iringa, nilirudi kwetu Nyololo na filimbi, saa ya kuazima, na daftari nililonakilia sheria zote kumi na saba kwa Kiswahili changu mwenyewe. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaoa, nakaa kwa dada yangu. Mumewe alikuwa fundi wa magari pale barabarani, na ndiye kapteni wa timu yetu. Nilikuwa nakula kwake kila siku, na hakuna asiyejua.

Timu ya wageni ilikuja na lori kutoka Iringa, Jumamosi yenye ukungu na baridi kali. Kipindi cha pili, bado hatujafungana, beki wetu alimpiga ngwala mshambuliaji wao ndani ya boksi. Nikaamua penalti. Shemeji akanijia mbio.

"Umeona nini wewe?"

"Nimeona rafu, Kapteni. Rudi nyuma."

Hakurudi. Nikaandika jina lake na kumwambia hilo ni onyo. Penalti ikapigwa, ikaingia. Tulipokuwa tunajipanga kuanza upya, akapita karibu yangu na kusema kwa sauti iliyofika hadi kwa watazamaji:

"Unakula ugali wangu, halafu unanipigia filimbi. Mbwa wewe."

Sheria haikuwa na utata: anayemtukana refa anatoka, na haingii mwingine badala yake. Kadi nyekundu zilikuwa hazijatufikia. Tulitumia mdomo na mkono. Nikanyoosha mkono kuelekea nje.

"Kapteni, toka."

Akagoma. Alisimama katikati ya duara, mikono kiunoni. Wachezaji wakanizunguka. Mzee mmoja wa kamati ya timu akaingia uwanjani kunisihi, akisema haya ni mambo ya familia, tuyamalize kwa kusameheana.

Nilikuwa nimeshaamua. "Mzee, ya nyumbani tutayamaliza nyumbani. Hapa nampa dakika tatu. Asipotoka, navunja mchezo."

Nikaitazama saa. Dakika ya pili ilipokuwa inaisha, shemeji akavua kitambaa cha ukapteni, akamtupia beki, akatoka bila kuniangalia. Timu yetu ilicheza watu kumi, tukafungwa bao lile lile moja.

Kesho yake, baada ya ibada, nilikaa kwenye meza ya dada kuandika taarifa ya kupeleka kwa kamati ya mpira ya Iringa. Refa alitakiwa kuandika alichokiona na maneno aliyoyasikia, kama yalivyosemwa.

"Andika kwamba alibishana, yatosha," dada akaniambia. "Hilo la mbwa liache. Ni mume wangu."

"Nikiliacha, dada, nitakuwa nimemtoa kwa kosa gani?"

Shemeji alikuwa mlangoni, anafunga kamba za viatu, na yote aliyasikia. "Mwache aandike," akasema, akaenda zake.

Niliandika yote. Siku ya Jumatatu nikahamia chumba kimoja cha walimu pale shuleni. Hakuna aliyenifukuza, ila sikuweza tena kula ugali wake nikiwa nimekaa mbele yake. Kamati ya Iringa ikamfungia mechi tatu, na kwa muda wote huo hakunisemesha. Nilikuwa naumia, hasa nikimwona dada akinisalimia kwa haraka haraka njiani. Hata hivyo, sikuwahi kutamani kuifuta taarifa ile.

Adhabu ilipokwisha, kamati ya timu yetu ikakutana kutafuta refa mwingine. Nilisimuliwa kwamba shemeji ndiye aliyewakatiza. "Mnataka refa anayetuogopa? Tukizoea kubebwa hapa, tutafanya nini tukienda kucheza ugenini?"

Jioni ile alikuja kwangu. Hakutaka kukaa.

"Nisomee hiyo sheria ya kutolewa."

Nikafungua daftari, nikamsomea.

"Na refa akiwa amekosea?"

"Unatoka kwanza. Malalamiko yanakuja baadaye, kwa maandishi."

Akaliangalia daftari. "Ni ngumu hiyo."

"Ni ngumu," nikakubali.

"Haya. Dada yako anauliza kama Jumapili utakuja."

Nilikwenda. Baadaye nilihamishiwa Mbeya, nikawa nachezesha mechi za eneo la Ilomba, ambako wachezaji walikuwa wabishi kuliko wetu. Niliwatoa wengi kule, na sura za wengi wao nimeshazisahau, si ile ya shemeji akivua kitambaa.