Kumwita Mbwa na Kumwachia Tena

Siku yangu ya kwanza katika shamba la miwa, kwenye tambarare chini ya Moshi, nilikuta walinzi wakimfukuza mtoto wa mbwa katikati ya matrekta. Nilikuwa nimeteremka kutoka kwetu Kibosho kuanza kazi ya mhudumu wa mbwa: kulisha, kusafisha mabanda na kufunza. Mtoto yule, jike, aliitwa Popi. Ukimwita, anakutazama, anatikisa mkia, kisha anakimbia.

Mkuu wa Ulinzi, mwanajeshi mstaafu, aliniita pembeni.

"Wewe Mchagga, unajua mbwa au unajua ndizi tu?"

"Najua vyote, mkuu."

"Basi nakupa huyu hadi mavuno. Mbwa asiyerudi akiitwa, siku moja atamrarua mtu na hatutaweza kumzuia. Akishindwa, atachomwa sindano ya kufa."

Sikuanza kufunza. Nilitazama kwanza. Popi aliachwa acheze wakati banda likisafishwa, na jina lake lilitajwa pale tu walipotaka kumfungia. Hata kwetu mlimani tunakosea hivyohivyo. Mbwa hushinda amefungwa kihambani, yaani kwenye migomba inayozunguka nyumba, na usiku huachiwa alinde. Kukipambazuka tunamwita, mnyororo mkononi. Sisi tunaona tumemwita. Yeye anajua anakamatwa.

Niliwaomba walinzi wasimwite tena kwa ajili ya banda. Wakati wa kumfungia, nilimfuata mwenyewe, kimya. Jina nililitumia kwa mambo mema tu: namwita akiwa karibu, nampa dagaa, namshika shingoni kidogo, namwachia aendelee kucheza. Baadaye nilimvalisha kamba ndefu, nyepesi, inayoburuta chini. Kamba hiyo si ya kumvuta; ni ya kumzuia asitoroke akazoea kukataa. Nilimwita mara moja tu. Akisita, nilichuchumaa au nikatembea kumwacha, maana mtoto wa mbwa humfuata anayeondoka. Akichelewa sikumchapa, kwa sababu angedhani anachapwa kwa kuja.

"Aloyce," walinzi walinitania, "huyo mwanafunzi wako atapata lini kipaimara?"

"Bado yuko kwenye katekisimu," niliwajibu. Nilisali, nikasubiri.

Mavuno yakafika. Miwa huchomwa kwanza ili majani yaishe, ndipo ikatwe. Alasiri moja moto ulikuwa umewashwa upande wa pili wa shamba, na Popi alikuwa nami barabarani bila kamba. Ndezi, yule panya mkubwa wa mashambani, akachomoka, akatuona, akarudi ndani ya miwa. Popi akamfuata.

"Popi, njoo!"

Majani yakajifunga nyuma yake. Moto ulikuwa unalia kama mahindi yanayopasuka chunguni. Midomo yangu ilitaka kuita tena, nikaizuia. Nikageuka, nikaanza kutembea.

Nikasikia vishindo vidogo nyuma yangu. Alikuwa amejaa majivu masikioni, akihema, akiutafuta mkono wangu. Nikampa dagaa, tukasogea mbali na moto, nikamwachia.

"Unamwachia tena?" Mkuu alifoka kutoka kwenye pikipiki yake.

"Ndiyo kazi yenyewe, mkuu. Mwite na wewe."

Akamwita. Popi akaenda. Mkuu akapapasa mifuko, akapata kipande cha chapati, akampa.

"Haya, nenda," akamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Habari ya sindano haikutajwa tena.

Nilipohamishiwa shamba la kahawa mlimani, karibu na nyumbani, Mkuu aliniruhusu niondoke na Popi. Huko nilifanya kazi chini ya Meneja wa Shamba hadi nilipostaafu. Sasa vijana wakitoka misa ya kwanza hupita kwangu: "Shikamoo babu, mbwa wetu hasikii." Nawauliza mara ya mwisho walipomwita walimfanya nini. Wengi hucheka kabla ya kujibu.

Namshukuru Mungu kwa kazi ile. Popi alizeeka kwangu, akafa usingizini. Siku zake za mwisho hakuwa akisikia kitu, lakini ukimpungia mkono alikuja, polepole, akitikisa mkia njia nzima.