Gona, Badi na Lori la Kijani

Ni saa moja asubuhi. Maji yamepwa, na daraja la Nyali limeshuka pamoja nayo. Daraja hili linaelea juu ya maboya. Maji yakijaa huwa sawa na barabara, yakipwa njia ya kupandia upande wa kisiwani huwa mlima. Gona Ruwa ameegemeza kifua kwenye mkokoteni uliojaa nazi za Kisauni, anasukuma, miguu inateleza kwenye mbao.

Akifika juu anageuka kabla hata ya kufuta jasho. Anatazama ng'ambo alikotoka, kwenye kibanda cha kahawa, ambako mtu mmoja amekaa kitako kando ya lori la kijani.

"Mwone," anamwambia mwandishi. "Mwone alivyokaa!"

Aliyekaa ni Katana, mfanyabiashara wa Mtopanga. Lori ni lake tangu mwezi uliopita. Kabla yake lilikuwa la Badi, jirani yake Gona, na nusura liwe la Gona mwenyewe.

Gona si mgeni wa malori. Wakati wa vita aliendesha lori la jeshi Uhabeshi, kisha Burma, usiku bila taa, kwenye matope yanayofika magotini. Vita vilipokwisha alirudi Kisauni na koti zito asiloweza kulivaa kwa joto la huku. Kazi ya udereva hakuipata. Akashika mkokoteni, ambao siku njema humpa shilingi mbili.

Badi hakutoka Kisauni hata siku moja. Miaka yote ya vita alikuwa akiuza nazi kavu. Jeshi lilipoanza kuuza magari yake mnadani, akaenda akarudi na lori.

"Mimi nililala chini ya malori, mvua inaninyeshea," asema Gona. "Yeye alilala kwake na mkewe. Halafu lori apate yeye! Nisione wivu, mimi ni jiwe?"

Wivu huo haufichi. Aliona wivu Badi alipoliandika lori lake Tawakal kwa rangi nyeupe. Aliona wivu Dhahabu, mkewe Badi, alipokwenda harusini amekaa mbele kama bibi harusi mwenyewe. Badi alipokwaruza gia, Gona alifurahi hadi jioni.

"Kisha nilikasirika," asema. "Maana hata kukwaruza gia ni raha, ukiwa unakwaruza za kwako."

Lakini lililomchoma zaidi ni kahawa. Kila maji yalipopwa, wakati Gona na wenzake wanahangaika kupanda, Badi aliegesha lori kibandani, akaagiza kahawa na kashata, akakaa. Alivuka baadaye, taratibu, maji yakiwa yamejaa.

"Nilisema moyoni, huo ndio utajiri. Mtu ana mzigo, na bado hana haraka."

Siku moja Badi alikuja mwenyewe mlangoni kwa Gona.

"Ndugu yangu, Tawakal naliuza," alimwambia. "Wallahi, wanunuzi ninao, lakini nimekufikiria wewe kwanza. Mimi si dereva. Lori kama lile lataka mtu aliyekwenda vitani."

Gona anakiri kwamba maneno hayo yalimlewesha. Fedha hakuwa nazo, ila ana minazi aliyoachiwa na babake, nayo ndiyo inayowalisha yeye, mkewe Kache na binti yao Florence. Tajiri mmoja wa Kisauni alikuwa tayari kutoa fedha kwa rehani ya minazi yote. Hadi deni lilipwe, nazi zingekuwa za tajiri.

Usiku ule mke na mume hawakuelewana. Gona alihesabu mizigo atakayobeba. Kache, anayeuza mahamri karibu na kibanda cha kahawa, alimwacha amalize.

"Baba Florence, mimi si dereva," alisema. "Lakini niko pale kila siku. Mbona sijaliona lori lile likivuka maji yakiwa yamepwa?"

"Mwenye lori hana haraka!" Gona alimkatiza. "Anakunywa kahawa."

"Kila siku? Na wateja wanangoja nazi sokoni? Mtu huyo anapenda kahawa kweli."

Mwaka mzima Gona alikuwa amemtazama Badi na kikombe chake, lori hakulitazama.

Kesho yake alimwomba Badi amruhusu kulijaribu lori likiwa na mzigo.

"Inshallah, mchana," alijibu Badi. "Maji yakijaa."

"Hapo neno la Kache likanirudia," asema Gona. "Nikamwambia, hapana kaka, sasa hivi."

Walipakia nazi. Gona akakamata usukani kwa mara ya kwanza tangu aache jeshi, na kwa muda mfupi, asema, alisahau minazi na kila kitu. Waliteremka vizuri, wakapita juu ya maboya vizuri. Walipoanza kupanda, injini ilinguruma, moshi ukatoka, harufu ya kuungua ikajaa, lakini magurudumu hayakuzunguka. Lori likaanza kurudi nyuma.

"Si kawaida yake, wallahi!" alipiga kelele Badi aliyekuwa kando yake.

Klachi ilikuwa imekwisha. Mahamali wenzake Gona ndio waliolisukuma lori hadi juu, huku wakicheka na kumwita mwenye gari. Gona hakucheka. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kuitazama minazi, akashika mmoja mmoja.

Badi, alipoulizwa na mwandishi, hakuona kosa. "Sikumficha kitu. Alitaka kulijaribu, nikampa. Lori ni zima, lataka klachi tu."

Klachi ya gari kama lile haipatikani madukani. Gona alitaka apunguziwe bei, Badi akakataa. Wiki ile ile alikuja Katana, mchana, maji yamejaa, na lori likavuka bila tabu. Gona alimfuata akamweleza yote.

"Alinitazama akatabasamu," asema. "Akaniambia, 'Gona, Kisauni nzima inajua unavyolionea wivu lori hili. Niache ninunue.' Wivu ninao. Ni kweli."

Sasa Katana ndiye mnywaji wa kahawa. Mzigo wake ukiwa wa haraka, humwita Gona auvushe kwa mkokoteni.

Mnada mwingine wa magari ya jeshi unatarajiwa Changamwe. Gona na Kache wamekubaliana: itawekwa rehani minazi michache tu, ile ya upande wa barabarani, na hakuna lori litakalonunuliwa kabla halijapanda daraja likiwa na mzigo, maji yamepwa, Kache akiwa amesimama pale anaangalia.

Na wivu, umekwisha?

"Uishe vipi?" Gona anacheka kidogo, macho yako ng'ambo. "Najua lori lile ni bovu. Najua anangoja maji. Lakini yeye amekaa, mimi nasukuma."

Ng'ambo, Katana amesimama, anampungia mkono aje kuchukua nazi. Gona anapakua nazi alizovusha, anamwachia hamali mwenzake, kisha anageuza mkokoteni mtupu.

"Nikipata langu, nitavuka maji yakiwa yamepwa kabisa," asema akiteremka. "Nitapiga honi mpaka Badi atoke nyumbani. Na kahawa sinywi."