Lugha Iliyouliza Namba Kila Mara

Alhamisi hiyo tulikuwa wanne katika chumba cha kompyuta cha kiwanda cha chai: mimi; mzee wa Kimulot aliyekuwa mkuu wa ofisi yetu; mama mmoja kutoka upande wa ziwa, ambaye alianza kuandika programu za mishahara wakati mimi bado navaa kaptula ya shule; na meneja mpya, ambaye aliingia, akatazama skrini, akatoka bila kuketi. Nawataja wote kwa sababu hata yule aliyetoka ana sehemu yake.

Meneja alikuwa amesema kwamba katika chumba hicho anataka watu wenye vyeti. Mimi sikuwa na cheti. Niliacha shule kidato cha pili, wazazi wetu walipofuatana kaburini, nikabaki na wadogo zangu na shamba la majani chai. Nilibeba majani hadi kituo cha kununulia, nikaajiriwa hapo kupakia magunia, kisha nikaletwa kiwandani kuingiza kilo za wakulima kwenye mashine. Mzee aliniona nikichungulia programu zake badala ya kwenda kunywa chai ya saa nne. Hakuniuliza cheti. Alivuta kiti kando yake akasema, "Keti, uchungulie vizuri." Tangu hapo miaka mingi ilikuwa imepita, na nusu ya programu za kiwanda zilikuwa za mkono wangu.

Sasa kiwanda kilitaka kurasa za mtandao, ili karani wa kiwanda dada kule ng'ambo ya pili aandike namba ya mkulima na kuona kilo zake bila kupiga simu. Mashine mpya ilikuja na lugha yake ndogo ya kuandikia kurasa hizo, katika diski chache na kitabu chembamba cha Kiingereza kigumu. Tulipiga simu Nairobi kutafuta mtu anayeijua; aliyepokea alituomba tuitaje tena, kisha akacheka.

Meneja alisema kamati ya wakulima itakuja Ijumaa kuona kurasa zikifanya kazi, na atakayewaonyesha ni mimi. Nikishindwa, narudi kituoni kupakia magunia.

Mzee hakuinua sauti. "Akishindwa," alisema, "andika barua mbili za kututoa hapa. Moja yake, moja yangu." Alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu.

Ungedhani tulifanya kazi kwa hofu. Ukweli ni kwamba sijawahi kufurahia kazi namna ile. Watu wazima watatu, tuliozoea lugha zetu kama njia ya kwenda nyumbani, tukawa watoto wa darasa la kwanza. Tulinyang'anyana kitabu. Mama wa ziwa alipanga safu za kilo kwa kuhesabu nafasi kati ya maneno, vile alivyopangia karatasi za printa maisha yake yote. Alipofungua ukurasa, nafasi zote zilikuwa zimemezwa na namba zimesongamana upande mmoja.

"Kama ng'ombe walioona lango la boma liko wazi," mzee akasema.

"Cheka tu, mzee. Safu zako wewe ziko wapi?"

"Zangu sijazifungua. Naogopa."

Hilo tulilitatua kwa jedwali. Lililotukwamisha lilikuwa jumla. Nilikuwa nimeandika ukurasa wa kuingiza gunia moja baada ya jingine: weka kilo za kwanza, bonyeza, weka za pili, bonyeza, na jumla ikue. Haikukua. Kila nilipobonyeza, jumla ilianza tena kwenye sifuri. Nilipitia mistari yote, mzee akaipitia, mama akaipitia. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Katika programu zetu za zamani ulianzisha kazi asubuhi, na mashine ikakumbuka kila kitu mpaka ulipoifunga jioni. Hatukuwa na sababu ya kufikiri kwamba hii ni tofauti.

Hapo ndipo meneja alipoingia akaiona ile sifuri, akatoka.

Mama wa ziwa aliupiga mgongo wa kitabu mezani. "Omera, ndugu yangu, hii lugha yenu ni kama yule karani wa kituo cha majani pale kwetu kwa nyumba za kiwanda. Leo mmesalimiana, mmeulizana habari ya watoto, kesho anakukazia macho: namba?"

Mzee akacheka. "Wa kwetu alimuuliza hata mama yake mzazi. Mama anamwambia, mimi ndiye nilikuzaa. Yeye anasema, sawa mama, namba?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama tena kwenye foleni ya kituoni, kikapu mgongoni, nikitaja namba ya baba miaka mingi baada ya kumzika. Karani hakuwa na haja ya kunikumbuka. Nilimpa namba, nikampa risiti ya mwisho yenye jumla ya mwezi, akaongeza kilo za leo na kunirudishia mpya. Jumla haikukaa kichwani mwake. Niliibeba mimi.

"Haikumbuki!" nilipiga kelele. "Haijaharibika, haikumbuki tu! Ikishajibu imemaliza, haitujui tena. Ni sisi tunapaswa kuibebea jumla!"

Mama alikuwa wa kwanza kunielewa, akaanza kupekua kitabu. "Kuna sehemu ya kuficha kitu ndani ya ukurasa. Niliiona nikadhani ni upuuzi. Ficha namba, ficha jumla, virudi pamoja na kilo mpya."

Mistari michache. Niliandika namba ya baba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kichwani. Gunia la kwanza. La pili. Jumla ikakua. La tatu, ikakua tena! Mama alinikumbatia na kitabu chake mkononi, na mzee akawa anabonyeza tu, anaongeza magunia ambayo shamba letu halijawahi kuyatoa.

Ijumaa kamati ilikuja. Mwenyekiti wao alitaja namba yake mwenyewe, nikaweka kilo alizonitajia, jumla ikatoka. Meneja alinipa mkono. Barua hazikuandikwa.

Jioni, tukifunga madirisha, nilimuuliza mzee nitamlipa nini.

"Ile ya kuficha jumla bado sijaishika," alisema. "Wewe ulikuwa unakimbia. Utakuja nyumbani, uvute kiti, unifundishe pole pole. Nataka niandike ukurasa wa maziwa ya ng'ombe wangu, kwa mkono wangu."

Amestaafu. Mashine moja kuukuu ya ofisi iko sebuleni kwake Kimulot, imefunikwa kitambaa cha kufuma, inangoja stima. Mara ya mwisho nilipomtembelea alinishika mkono akanitoa nje, akanionyesha nguzo za stima zilizofika shuleni, ng'ambo tu ya mto.

"Unaziona?" aliniuliza. "Deni lako hilo, linakuja."